Jiko Linalala Wapi?

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za stoo pamoja na karai langu la maonyesho, na vijana wa mauzo wakaninunulia keki. Tukiwa tunakula, mmoja wao akaniuliza, “Mathe, siri yako ya kupata wateja ilikuwa gani?” Nilikuwa na kipande mdomoni, kwa hiyo nikamwambia nitaandika. Haya, ninaandika. Vyeo nitaviruka, maana vilikuja vyenyewe kadiri wengine walivyoacha kazi. Mishahara pia nitairuka, kwa sababu mnaijua ilivyo.

Nilianza miaka ya tisini mwanzoni. Wakati huo kampuni yenu hii ilikuwa kibanda kimoja Kawangware, mafundi wakigonga mabati tangu asubuhi hadi masikio yakachoka kusikia. Tulitengeneza majiko ya makaa: bati nje, udongo uliochomwa ndani, kiuno chembamba katikati. Lilikuwa jiko zuri. Lilikula makaa machache, likashika moto haraka, na moto wake ulikaa muda mrefu bila moshi. Shikeni hilo la moto kukaa bila moshi, nitalirudia.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Kilonzo, muuzaji mkongwe aliyekuwa ameuza sabuni, chumvi na taa za chemni kabla ya kuja kwetu. Hakunipa hotuba. Aliniambia nije Jumatatu asubuhi, na alipoviona viatu vyangu vya kwenda kanisani akasema, “Hivyo viage.” Tulikwenda Soweto West, kule Kibera, mvua ikiwa imenyesha usiku. Kabla ya saa nne kisigino kimoja kilikuwa kimebaki ndani ya mtaro ambao sitaueleza zaidi.

Alinifundisha kutazama juu ya mabati kabla ya kutazama milango. Palipo na moshi mweupe, mzito, usiokwisha, pana jiko lililotoboka na mama anayepuliza huku machozi yakimtoka. Huyo ndiye mteja. Palipo kimya pasipo moshi, usiseme hakuna mtu. Huenda wanapika kwa mafuta taa, au hawana cha kupika. Usigonge hapo ukiwa na kelele.

“Hatununui,” mama mmoja alitwambia kabla hatujafungua mdomo.

“Sijauza bado,” Kilonzo akamjibu. “Nimeuliza tu, huo moshi unakusumbua macho tangu lini?”

“Tangu niolewe.”

“Basi hiyo si ya jiko peke yake.”

Mama akacheka mpaka akaangusha kipepeo chake cha kupepea moto. Hakununua siku hiyo. Kilonzo alitua karai, na ndani yake lilikuwamo jiko lililokwisha kuwashwa, kwa maana alitembea nalo hivyo, likining'inia kwa waya kama ndoo. Akabandika sufuria, akapika chai palepale uani, na wanawake wa ploti nzima wakaja na vikombe. “Chai huita watu kuliko mdomo,” aliniambia baadaye. Yule mama alinunua majuma kadhaa mbele, tulipopita kwa mara ambayo sikuihesabu.

Sasa ratiba, ambayo ndiyo siri mliyoiulizia. Kila mtaa ulikuwa na siku yake. Jumatatu ilikuwa ya Soweto West. Jumanne na Jumatano tulikuwa Kawangware 46, kule wanakoishia matatu za namba hiyo, na Alhamisi Gatina. Ijumaa tulipeleka mizigo iliyoagizwa. Mvua inyeshe, jua liwake, maandamano yafunge barabara, mtaa haukubadilishiwa siku yake. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Lakini fikirini jinsi mtu anavyokuona. Mara ya kwanza unapogonga wewe ni mgeni. Mara ya pili ni msumbufu. Mara ya tatu mtu anamnyamazisha mbwa. Baada ya hapo unakuwa kitu cha Alhamisi, kama gari la takataka katika mitaa yenye bahati ya kuwa na gari la takataka, na usipotokea watu wanaulizana una nini. Siku mliyoamka na furaha mtauza hata bila ratiba. Ratiba ni ya ile siku nyingine.

Kilonzo alikuwa na neno jingine alilolirudia: “Mlango unaouogopa ndio uanze nao.” Mimi nililielewa kuwa la mbwa na la wanaume walevi. Nilichelewa kulielewa sawasawa.

Mwaka wangu wa pili, msimu wa baridi, tulikuta umati Kawangware 46. Ndugu wawili waliotoka Magharibi, wajenzi, walikuwa wamekutwa wamekufa chumbani mwao. Hawakuwa na jeraha wala mlango haukuvunjwa na mwizi. Watu walikuwa na majibu tayari: mmoja alisema wamelishwa sumu, mwingine akasema ni mambo ya shamba la kwao yamewafuata mpaka mjini. Kilonzo alisimama mlangoni akatazama ndani kwa muda mrefu. Nami nikatazama alichotazama. Gunia lilikuwa limesokotwa chini ya mlango kuziba upepo. Jiko la bati pekee, lisilo na udongo ndani, ambalo halikuwa letu, lilikuwa limejaa jivu. Kando yake palikuwa na beseni la maji.

Tulipotoka pale alitembea mbele yangu mpaka barabarani. Ujanani alichoma makaa kwao Ukambani, kwa hiyo alikuwa anajua.

“Watu wanaogopa moshi,” aliniambia. “Moshi unajitangaza. Unakohoa, unatoka nje, unapona. Hiki kinachoua kinakuja moshi ukishaisha, makaa yakiwa mekundu na mazuri. Hakina harufu. Mtu anasinzia tu.”

“Na yale maji?”

“Wanasema maji yanavuta sumu. Yangevuta, wale vijana wangekuwa kazini saa hii.”

Niwaeleze taratibu, kwa sababu kuna mtu bado anaamini hivyo, na pengine ni mmoja wenu. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu. Huioni wala huinusi. Maji hayaivuti, yawe kwenye beseni au kwenye sufuria juu ya jiko. Kitunguu hakiivuti. Kinachoiondoa ni upepo peke yake. Na jiko letu, kwa uzuri wake wote, lilikuwa linashika moto usiku kucha.

Tangu siku hiyo Kilonzo alibadilisha jinsi tulivyogonga. Kwanza, mlango tuliokwisha kuuzia ulikuwa wa kupitiwa kabla ya mlango mpya. Pili, kila mlango, mpya na wa zamani, uliulizwa swali moja: “Jiko linalala wapi?” Aliyejibu “nje” tulimpongeza. Aliyejibu “ndani” tulikaa naye. Wapo waliotishika wakaacha kununua, na habari zikamfikia mwenye kibanda.

“Kilonzo, wewe unauza jiko ama unauza matanga?” bosi akamfokea mbele ya mafundi.

“Ninamuuzia jiko mtu ambaye atakuwepo kununua la pili,” alisema Kilonzo, akachukua karai lake akaenda. Bosi hakulizungumzia tena. Nadhani alipiga hesabu akaona lina maana, ingawa hakuipenda sababu.

Kilonzo aliporudi kwao kupumzika, aliniachia karai na mitaa yote. Sasa ndipo masimulizi yangu yanafika Gatina.

Kulikuwa na ploti ya Mzee Gathogo, mwenyeji wa pale tangu enzi za baba yake. Vyumba vya mabati vilikuwa safu mbili zinazotazamana, uwanja mwembamba katikati, bomba la maji mwisho. Wapangaji wengi walitoka Magharibi. Mmoja alikuwa Rispa, msichana mpole mwenye kucheka kwa kuficha mdomo, na mumewe Barasa, soja wa kulinda geti usiku huko Lavington. Rispa alijifungua mtoto wa kike wakati wa masika, wakamwita Nafula kama wanavyowaita kwao waliozaliwa mvua ikinyesha. Tangu siku hiyo ploti nzima ilimwita Mama Nafula, naye aliitika kama mtu aliyepewa cheo.

Nilikuwa nimemuuzia jiko kabla ya mtoto. Alikuwa analiacha nje mlangoni kama nilivyomshauri, na likaibwa. Majiko mazuri Gatina yalikuwa na miguu. Akanunua la pili, na nilipouliza linalala wapi, alitazama chini, akanijibu kwa jina nililopewa mitaani.

“Ndani, Mama Jiko. Likienda na hili Barasa atanirudisha kwetu.”

“Na moto?”

Jirani yake wa mlango wa pili, Mama Brayo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, ndiye aliyejibu. “Si anaweka sufuria ya maji juu! Maji yanavuta sumu. Mimi hufanya hivyo mwaka wa tano, na si unaniona? Ama mimi ni mzimu?”

“Mama Brayo, kwako bati limetoboka pale juu, na dirisha lako halifungi. Hayo matundu unayomtukania landilodi ndiyo yanayokuamsha kila asubuhi.”

“Wee! Kwa hivyo nimshukuru?”

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilikuwa nimeona chumba cha Rispa. Kwa ajili ya mtoto alikuwa amebandika katoni kuta zote na kuziba kila tundu kwa matambara, akakunja blanketi kuukuu chini ya mlango. Kilikuwa chumba safi kuliko vyote pale, na kilichofungika kuliko vyote.

Tulikubaliana njia ya muda. Akimaliza kupika, amwage makaa uwanjani, ayafunike kwa mchanga, kisha aingize jiko likiwa tupu. Asubuhi makaa yatafaa tena. Alifanya hivyo. Kila Alhamisi nilimkuta kando ya beseni akifua nepi, Nafula mgongoni, na kabla sijauliza alinionyesha kirundo cha mchanga kwa kidole cha mguu.

Lakini nilitaka kitu cha kudumu. Fundi wetu alijitolea kutengeneza kizimba cha wavu chenye kufuli kwa vipande vilivyobaki, ploti yote iweke majiko humo usiku. Hakutaka malipo. Ilihitajika nafasi tu, na nafasi pekee ilikuwa kando ya bomba, ambapo Mzee Gathogo alirundika mawe ya kujengea. Alikuwa na ndoto ya ghorofa.

“Ni wazo zuri, mama,” aliniambia kwa upole. “Acha lori ije itoe mawe.”

Alhamisi iliyofuata nilimuuliza. “Lori inakuja.” Iliyofuata tena: “Lori imeharibika, lakini inakuja.” Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mawe, na alikuwa anangoja lori. Nami sikumwacha, maana hiyo nayo ilikuwa ratiba. Nilianza naye, kisha ndipo nikaingia uwanjani. Ilifika mahali akiniona anasema, “Bado,” kabla ya salamu.

Baridi ya Julai ikaingia. Mnaijua ile ya Nairobi, jua linakuwa limekwenda likizo na ukungu unakaa juu ya mabati mpaka mchana. Alhamisi moja Rispa aliniambia Nafula anakohoa usiku.

“Mvalishe, mlale pamoja, mpeleke kliniki,” nilimwambia. “Jiko usiingize.”

“Siingizi.”

“Niahidi.”

“Mama Jiko, wewe nawe! Nimesema siingizi.” Akacheka kwa kuficha mdomo.

Alhamisi iliyofuata nilifika saa yangu ya kawaida. Mzee Gathogo alisema, “Bado.” Nikaingia uwanjani. Beseni lilikuwa limeinamishwa ukutani, kavu. Hapakuwa na nepi kwenye kamba. Hapakuwa na kirundo cha mchanga.

“Muache alale,” Mama Brayo aliniambia akisuka nywele za mtu. “Mtoto amelia usiku kucha, saa kumi ndio amenyamaza.”

Nilipita mlango ule Alhamisi baada ya Alhamisi, na haukuwahi kuwa umefungwa saa ile. Nikagonga. Nikaita. Nikaweka mkono kwenye bati, nalo lilikuwa na joto, asubuhi ile yenye baridi.

“Mama Brayo, vunja huu mlango.”

Alinitazama usoni, akaziacha nywele alizokuwa akisuka. Aliupiga kwa bega, komeo likang'oka.

Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na harufu yoyote. Ndicho kinachonirudia hadi leo, kwamba chumba kilikuwa kizuri tu, chenye joto, kama nyumba ya mtu aliyejiandaa kupokea wageni. Jiko letu lilikuwa katikati ya sakafu. Juu yake palikuwa na sufuria ya maji, imefunikwa.

Tulimburuta Rispa hadi uwanjani. Alikuwa akipumua. Alitapika, akafungua macho, akauliza mtoto yuko wapi. Nafula alikuwa mikononi mwa Mama Brayo, amefungwa shali tatu, na Mama Brayo alikuwa akizifungua moja moja huku akiliita jina lake.

Barasa alifika wakati majirani wakitafuta gari la kumpeleka Rispa hospitali. Mwenzake wa zamu ya mchana alikuwa amechelewa kumpokea. Walipomweleza, aliingia ndani, akatoka na jiko, likiwa bado na majivu ya moto, akaliweka mbele ya miguu yangu.

“Chukua kitu yako,” alisema.

Nililichukua. Watu wameniuliza kwa nini sikumweleza kwamba nilionya, kwamba nilisema kila juma. Kuna mahali maelezo hayafai kitu, na mtu wa mauzo ajue mahali hapo kuliko watu wengine.

Alasiri hiyohiyo Mzee Gathogo na wanawe waliondoa mawe yale kwa mikono, moja baada ya jingine, mpaka ukuta ukaonekana. Ilikuwa kazi ya saa chache. Lori haikuhitajika. Alipomaliza alinawa kwenye bomba, akapita karibu nami bila kuinua kichwa. Siku iliyofuata fundi wetu akaweka kizimba.

Walikwenda kumzika Nafula kwao Magharibi. Alhamisi zilizofuata nilipita Gatina nikiona majiko yote yamepangwa ndani ya wavu, yamefungwa kufuli, na funguo kiunoni mwa Mama Brayo, ambaye alikuwa amekabidhiwa ulinzi bila kupigiwa kura. Kila jioni aliyahesabu kwa sauti. Aliyechelewa kuleta lake alitukanwa yeye pamoja na ukoo wake. Kuhusu maji yanayovuta sumu, sikuwahi kumsikia akitaja tena.

Siku Rispa aliporudi niliambiwa getini. Mzee Gathogo alisema, “Amekuja jana,” badala ya “bado,” na tukasimama pale kidogo kama watu wanaongoja mvua ipungue. Nitawaambia ukweli, nilitaka kuanza na safu ya upande wa pili na kuishia hapo. Ratiba isingejua. Ndipo nikamkumbuka Kilonzo na mlango wake wa kuogopwa, nikatambua hakuwa amezungumza juu ya mbwa.

Uwanjani wanawake walikuwa wakimwita Rispa. Rispa, chukua maji. Rispa, kuna mboga hapa. Walisema kwa sauti ya chini, wakilikwepa jina lile jingine kama mtu anavyokwepa shimo analolijua gizani. Nilifika mlangoni kwake. Komeo lilikuwa jipya. Katoni zilikuwa zimebanduliwa, na mwanga ulipenya ukutani kwa matundu mengi.

“Hodi, Mama Nafula,” nilisema.

Mikono ya Mama Brayo ilisimama ndani ya maji ya kufulia. Rispa akatokea. Alikuwa amekonda.

“Umeniita,” alisema.

“Ndiyo.”

Nilikuwa na karai mkononi, na jiko la maonyesho likiwaka. Sikujua niliweke wapi. Nilitaka kumpa pole, nikaona neno ni dogo. Nikageuka niende.

“Na hujauliza,” alisema.

“Nini, mama?”

“Wengine wote unawauliza. Niulize na mimi.”

“Mama Nafula,” nikasema, “jiko linalala wapi?”

Alitoka, akashika mkono wangu usio na karai, akaniongoza mpaka kwenye bomba. Alinyoosha kidole kwenye wavu, safu ya chini, pembeni. Lilikuwa jiko dogo la bati, la zamani, si letu.

“Pale,” alisema.

Kisha akarudi ndani, akaacha mlango wazi. Nami nikaenda kugonga mlango uliofuata.